Mvi si Uchawi: Parokia, Kaya na Serikali ya Kaunti

Hotuba ya shirika letu katika mkutano wa mwaka wa kamati za parokia na wafadhili



Miaka mingine tumesimama hapa kuwasomea hesabu ya visima, matangi ya maji, miche iliyopandwa na watoto waliopata karo. Hesabu hizo zimo katika taarifa mliyopewa mlangoni, nasi tunawasihi muisome. Leo mtatuwia radhi tuzungumze juu ya jambo ambalo halina safu yake katika jedwali: utamaduni wetu, urithi wetu, na jamii mbalimbali zinazoishi pamoja hapa Pwani. Tutauliza serikali ya kaunti imepewa kazi gani katika mambo hayo, na sisi watu wa parokia tumeachiwa kazi gani.

Mzee aliyepaka nywele rangi

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na mradi wa maji katika kijiji kimoja cha bara ya Kilifi. Kamati ya maji ilikuwa na mzee mmoja aliyejua ardhi ile kama kiganja cha mkono wake. Ndiye aliyetuonyesha mahali ambapo mababu zake walichimba mashimo ya maji wakati wa ukame, na hapo ndipo tulipopata maji. Siku moja alikuja mkutanoni akiwa amepaka nywele na ndevu rangi nyeusi tititi. Tulicheka. Mmoja wetu akamtania kwamba babu anatafuta mke mdogo. Naye akacheka pamoja nasi, halafu mkutano ukaendelea.

Baada ya miezi miwili hakuja tena. Tulipouliza, tulijibiwa kwa kifupi kwamba amehama. Ilituchukua muda kuelewa. Pale kijijini palikuwa na mtoto aliyefariki kwa homa, na vijana wa ukoo wake walianza kusema kwamba mzee ndiye aliyemla. Maneno hayo yalianza wakati ule ule mzee alipokataa kutia kidole kwenye karatasi ya kuuza sehemu ya shamba la ukoo. Rangi ya nywele haikuwa mapambo. Mzee yule alikuwa anaficha mvi zake ili aishi.

Tunamshukuru Mungu kwamba aliondoka akiwa hai. Wengi hawakupata nafasi hiyo. Kwa miaka mingi sasa, katika Kaunti ya Kilifi na sehemu nyingine za Pwani, wazee wanaume kwa wanawake wameuawa kwa panga na kwa moto baada ya kuitwa wachawi, na mara nyingi ukichimba chini ya neno "mchawi" unakuta neno "shamba". Sisi tulikaa na mzee wetu katika kamati moja, tukala naye meza moja, na siku alipotuonyesha hofu yake kichwani mwake, tulicheka. Ndiyo sababu tumelileta jambo hili mbele yenu.

Kazi aliyopewa gavana

Tangu Katiba ya mwaka 2010, na hasa tangu serikali 47 za kaunti zilipoanza kazi baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mambo mengi ya utamaduni hayangoji tena Nairobi. Kifungu cha 11 cha Katiba kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Jedwali la Nne linazipa kaunti shughuli za utamaduni pamoja na vifaa vyake: maktaba, makavazi ya kaunti, kumbi, viwanja, bustani na fuo. Serikali ya taifa imebaki na majengo na mahali pa kale penye umuhimu wa kitaifa, ambapo husimamiwa na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kwa hiyo Fort Jesus iko ndani ya Mombasa, na magofu ya Gedi yako ndani ya Kilifi, lakini ufunguo wa lango hauko kwa gavana.

Zaidi ya hayo, mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za jamii. Sheria hiyo inazitaka kaunti ziwe na rejista ambamo jamii zinaandikisha maarifa yao, kama vile dawa za miti shamba, nyimbo, ngoma na mitindo ya ufundi, ili mtu wa nje asiyachukue na kuyafanya mali yake bila idhini ya wenyewe.

Sheria haikusahau jamii ndogo. Kifungu cha 174 kinasema miongoni mwa shabaha za ugatuzi ni kulinda haki za makundi madogo na yaliyotengwa. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inaagiza kwamba angalau asilimia 30 ya nafasi za kazi za ngazi ya kuanzia ziwaendee watu wasiotoka katika jamii iliyo kubwa zaidi katika kaunti. Tunalitaja jambo hili kwa sababu wanakamati wengi hutuambia kwamba hawajapata kulisikia.

Tuseme ukweli, yapo mema yaliyofanyika. Mekatilili wa Menza, mama aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza mwaka 1913, akakamatwa na kupelekwa mbali hadi Kisii, akarudi kwao kwa miguu, leo anakumbukwa Malindi kwa sanamu na kwa tamasha. Lamu ina sherehe zake za utamaduni, zenye mashindano ya mashua na mbio za punda. Vikundi vya ngoma vinaalikwa katika sikukuu za kitaifa na kulipwa. Maofisa wa utamaduni wa kaunti, wengi wao vijana wenye moyo, wanazunguka vijijini kwa pikipiki wakiandikisha vikundi. Hatutaki mtu atoke hapa akisema kwamba shirika letu limeiponda kaunti.

Hata hivyo tumeona jambo linalotuuma. Siku ya tamasha mzee anaitwa jukwaani, anavikwa kitambaa chake, anapewa kipaza sauti ili aombe baraka, na wakubwa wanapiga picha naye. Jioni anapandishwa matatu kurudi kijijini, na usiku hana wa kumlinda. Mzee yule yule ambaye mchana alikuwa urithi wa kaunti, usiku anageuka mchawi wa kijiji. Utamaduni unapendwa jukwaani, na mwenye kuujua anaachwa peke yake nyumbani. Tukikumbuka kwamba Mekatilili mwenyewe alikuwa mjane aliyekwisha kula chumvi nyingi, hatuna budi kujiuliza: mjane wa umri wake, mwenye sauti kama yake, anatazamwaje leo katika vijiji vyetu?

Kaya: msitu wenye wenyewe

Kwa ajili ya wageni wetu, tueleze kidogo. Wamijikenda ni jamii tisa: Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wajibana, Wachonyi na Wakauma. Kwa kadiri ya masimulizi yao, wahenga wao waliishi ndani ya vijiji vilivyozungushiwa msitu, vilivyoitwa kaya. Watu walitoka humo kidogo kidogo wakaenda kulima nje, lakini msitu ukabaki kuwa mahali pa maombi, pa maziko na pa baraza la wazee. Hairuhusiwi kukata mti humo wala kulisha mifugo. Huko Kaya Kinondo, Kwale, mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia, naye huongozwa na mtu wa pale.

Kwa marufuku hizo, misitu hiyo midogo imehifadhi miti na mimea adimu ambayo mashamba yaliyoizunguka yamekwisha kuipoteza. Kuanzia miaka ya 1990 serikali ilianza kuziandikisha kaya katika gazeti rasmi kuwa mahali pa kale pa kitaifa. Mwaka 2008 UNESCO iliziingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mwaka 2009 ikaziweka mila na desturi za kaya katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Tuyatazame kwa makini mambo hayo mawili. Mwaka 2008 dunia ilisema: msitu huu ni hazina. Mwaka uliofuata dunia ikasema: maarifa yanayoulinda msitu huu yako hatarini. Msitu unalindwa na uchaji wa watu, na uchaji huo unafundishwa na wazee. Tukiwafukuza wazee, hata tukijenga ukuta kuuzunguka msitu, baada ya miaka 20 tutabaki na ukuta na visiki. Askari mmoja wa misitu hawezi kuzuia usiku kile ambacho neno la mzee lilizuia kwa karne nyingi.

Angalieni pia habari ya vigango. Kigango ni nguzo ya mbao iliyochongwa, ambayo Wagiriama huisimika kwa kumbukumbu ya marehemu aliyekuwa mwanachama wa chama cha Gohu. Kikisimikwa hakiondolewi. Lakini kwa miongo mingi vigango viliibwa usiku, vikauzwa kwa wafanyabiashara wa vinyago, na mamia yakaishia katika makavazi na majumba ya watu Marekani. Nani aliviiba? Mara nyingi ni vijana wetu wenyewe, kwa pesa kidogo. Mwaka 2007 viwili vilirudishwa kwa wenyewe. Mwaka 2019 makavazi ya Denver yalirudisha vigango 30, na mwaka 2023 makavazi ya jimbo la Illinois yakarudisha 37. Tunafurahi. Ila swali linabaki: kigango kikirudi, nani atatuambia ni cha ukoo gani, kisimikwe wapi, na kwa maneno gani? Jibu la maswali hayo haliko katika rejista yoyote. Liko kichwani mwa mzee mwenye mvi.

Majirani ambao hawakuhesabiwa

Pwani si ya Wamijikenda peke yao. Hapa pana Waswahili wa miji ya kale, Wataita, Wataveta, Wapokomo, Waorma, Waweer wa misitu ya Lamu, na Waata, ambao zamani walisifika kwa upinde na uwindaji wa ndovu na leo wengi wao hawana hata ekari yenye jina lao. Kuna Wakamba, Waluo, Wakikuyu na Waluhya waliozaliwa na kukulia hapa. Kuna pia ndugu zetu ambao kwa miaka mingi serikali haikuwahesabu kabisa.

Wamakonde wa Kwale ni mfano. Wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi katika mashamba ya miwa na ya mkonge. Wana wao na wajukuu wao walizaliwa hapa, wakasoma hapa, lakini bila kitambulisho. Asiye na kitambulisho hawezi kufungua akaunti benki, wala kuandikisha laini ya simu, wala kumiliki shamba. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale hadi Nairobi kudai haki yao. Baada ya safari hiyo walitambuliwa kuwa jamii ya 43 ya Kenya, na mwaka 2017 wakaanza kupokea vitambulisho. Wapemba, wavuvi walioishi katika fuo zetu kwa vizazi kadhaa, walitambuliwa mwaka 2023.

Kaunti haikuwapa uraia. Hiyo ni kazi ya serikali ya taifa. Lakini kaunti ndiyo inayoamua, baada ya uraia, kama Mmakonde atapata nafasi katika soko la vinyago, kama Mpemba atakaa katika kamati ya usimamizi wa ufuo, kama ngoma ya Waata itaitwa kwenye tamasha, na kama mtoto wao atapata bazari. Hapo ndipo utambuzi unapoonekana kuwa wa kweli au wa karatasi.

Wala tusidhani kwamba hili ni jambo la ngoma na vyakula tu. Tulijifunza kwa uchungu huko Tana Delta mwaka 2012 na 2013, Wapokomo na Waorma walipogombana juu ya maji na malisho hadi zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Jamii hizo zilikuwa na mapatano yao ya kale juu ya njia za ng'ombe kwenda mtoni. Wazee waliyajua. Wakati vijana waliposhika silaha, sauti za wazee hao hazikusikika tena. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Pasipo na wazee wanaosikilizwa, neno liliharibika.

Kanisa na kaya

Sasa tuseme lile gumu. Tukiwaambia watu wa kaunti kwamba wanawapenda wazee jukwaani tu, wao wanaweza kutuuliza: na nyinyi watu wa kanisa je?

Rabai ni mahali pazuri pa kufikiria swali hilo. Mwaka 1846 Johann Ludwig Krapf na Johannes Rebmann walianzisha misheni pale Rabai, karibu na kaya. Hao walikuwa ndugu zetu Waprotestanti, lakini historia hiyo ni ya Wakristo wote wa Kenya. Mgeni aliyetoka mbali alipokewa na wazee wa Rabai, akapewa mahali pa kukaa, akasikilizwa. Waliompokea walikuwa wazee wa kaya. Ikiwa leo imani yetu ina mizizi Pwani, mizizi hiyo ilipandwa katika ardhi ambayo wazee wa kaya walikubali ipandwe.

Nasi tuliwalipaje? Mara nyingi tuliwahubiri kana kwamba kila aendaye kaya ni mwabudu shetani. Kijana aliyesikia Jumapili kwamba babu yake ni mtu wa giza, hakuhitaji hatua ndefu ili siku ya Jumatano, mtoto anapougua, aamini kwamba babu yake ndiye mchawi. Hatusemi kwamba mahubiri yetu yaliua mtu. Tunasema kwamba hayakuwazuia wauaji, na mahali pengine yaliwapa maneno.

Mwaka 2023 Mungu alitunyenyekeza. Katika msitu wa Shakahola, ndani ya kaunti hii hii ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watu waliofunga hadi kufa kwa kufuata mafundisho yaliyoitwa ya Kikristo. Baada ya Shakahola, hakuna mtu wa dini mwenye haki ya kunyoosha kidole kuelekea kaya na kusema giza liko kule peke yake.

Hatuwaiti Wakristo waende kutambika. Imani yetu tunaijua na tunaishika. Lakini amri ya kuwaheshimu baba na mama haina kipengele kinachosema "isipokuwa kama ni mzee wa kaya". Mzee ni mzazi wetu hata kama sala yake si sala yetu. Na anayemtetea mzee asiyeuawa halazimiki kukubaliana naye juu ya kila jambo.

Huko Godoma, Ganze, wenyeji walikwisha kutuonyesha njia. Wazee waliotishiwa kuuawa wamepewa mahali pa kukimbilia katika ardhi ya kaya, chini ya ulinzi wa wazee wenzao na chama cha utamaduni cha wenyeji. Wao walianza wakati sisi tulikuwa bado tunacheka rangi ya nywele.

Tunayoziomba kamati za parokia

Tumekwisha kusema mengi. Sasa tuje kwenye kazi. Tunaziomba kamati zote mambo manne.

Kwanza, ijueni sheria na kuitangaza. Watu wengi hawajui kwamba Sheria ya Uchawi, ambayo ni ya tangu mwaka 1925, inahesabu kuwa ni kosa kumwita mtu mchawi hadharani. Mwenye malalamiko anatakiwa kuyapeleka kwa chifu, kwa polisi au kwa mwenye mamlaka mwingine. Sheria hiyo ina kasoro zake, lakini kipengele hiki kimoja kinaweza kuokoa maisha. Kisomwe katika matangazo ya kanisa, katika vikao vya jumuiya ndogondogo na katika mazishi, maana ni kwenye matanga ndipo maneno huanza.

Pili, saidieni familia zimalize mambo ya ardhi mzee akiwa hai na akiwa na nguvu. Shamba ambalo bado lina jina la babu aliyekufa miaka 30 iliyopita ni kuni kavu. Parokia inaweza kuwakalisha watoto, wajane na wazee, ikamwita chifu na mtu anayejua sheria, mgawo ukaandikwa, wasia ukatiwa sahihi, na mambo ya urithi yakapelekwa mahakamani kwa amani. Katika vijiji ambako tumefanya hivyo tumeona joto likishuka.

Tatu, nendeni kwenye vikao vya kaunti, na mwende na wazee. Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka 5, na kila mwaka mpango wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa matumizi hupelekwa ifikapo tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti ifikapo tarehe 30 Aprili. Kati ya tarehe hizo, sheria inaitaka kaunti iwasikilize wananchi. Mara nyingi sisi hufika Juni, bajeti imekwisha kupikwa na kupakuliwa, halafu tunanung'unika. Andikeni maombi yenu mapema, kwa lugha nyepesi, mtaje wadi na mahali: fedha za kuweka alama za mipaka ya kaya, fedha za kumlipa mwenye kuandika maarifa ya wazee, nyumba ya kuwahifadhi wazee waliotishiwa, gari la polisi au la kaunti lenye mafuta usiku ule simu inapopigwa. Mpeni mwakilishi wadi nakala, na nyinyi mbaki na nakala yenye muhuri.

Nne, wahesabuni majirani. Kila kamati ijiulize: katika eneo letu ni jamii zipi zinaishi, na ni zipi hazina mtu katika kamati hii? Ikiwa Mmakonde, Mpemba au Muata yumo parokiani lakini hayumo katika kamati yoyote, basi kabla ya kuidai kaunti asilimia 30, tuanze na sisi wenyewe.

Tunayowaomba wafadhili wetu

Kwenu wafadhili tunasema asante kwa uvumilivu wenu. Tunajua mna watu wenu wanaowauliza fedha zimefanya nini. Kisima kinapigwa picha. Mche unahesabika. Mzee ambaye hakuuawa anahesabiwaje?

Tunawaomba mkubali kugharamia mambo ambayo hayapendezi katika picha: nauli ya wazee kwenda kikao cha bajeti, chakula cha siku mbili za mgawo wa shamba, muda wa maongezi wa simu wa kamati, posho ya kijana anayekaa na bibi akiandika majina ya miti na matumizi yake. Tunawaomba pia msitutake tuyauze maarifa hayo. Bibi akitueleza dawa, maelezo hayo ni yake na ya ukoo wake, na ndivyo sheria ya mwaka 2016 inavyosema. Yataandikwa katika rejista kwa idhini yake, au hayataandikwa.

Wanaopenda kuona jinsi urithi unavyoweza kulisha watu, tunawakaribisha Gedi. Mji ule wa kale wa Waswahili uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Hapo hapo, tangu mwaka 1993, mradi wa Kipepeo umewawezesha wakulima wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke kufuga vipepeo na kuuza pupa wao ng'ambo. Mkulima anayepata karo kutokana na msitu haukati msitu. Tunaamini kwamba kijana anayepata kipato kutokana na maarifa ya babu yake, hatamwinulia babu yake panga.

Tamati

Ndugu wapendwa, mzee wetu wa kamati ya maji bado yu hai. Anaishi kwa binti yake, mbali na shamba lake. Mwaka huu tulikwenda kumwona, tukamwomba msamaha kwa kile kicheko. Alitusikiliza, akanyamaza kidogo, kisha akatuuliza kama kisima bado kinatoa maji. Tulimwambia kinatoa. Akasema, "Basi mkikisafisha, msikate ule mkuyu." Halafu akatueleza sababu, na maelezo yake yakachukua muda wote wa mchana.

Nywele zake sasa ni nyeupe. Hapaki rangi tena, kwa sababu pale alipo hana shamba ambalo mtu analitamani. Tungependa siku moja arudi kwake na mvi zake, akae chini ya ule mkuyu, na watoto wasome kwake. Siku hiyo tutaiandika katika taarifa ya mwaka, katika safu ya kwanza.